Kugeuza picha bila kuzichakaza: jibu kwa mwenye stesheneri wa Ngamiani

SWALI

Shikamoo fundi. Nina stesheneri ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Nachapa, naskani, najazia watu maombi mtandaoni. Siku hizi wateja wenye iPhone wananirushia picha zinazoishia na .heic na kompyuta yangu haizifungui. Nikibadilisha jina ziwe .jpg, mfumo wa maombi unazikataa. Tena kuna mama anauza kanga, anataka picha za kutuma kwa wateja wake na nyingine za bango la dukani. Nilimgeuzia ziwe PNG nikijua zitakuwa safi. Zimekuwa nzito balaa, na maandishi ya kanga bado yana ukungu. Na nembo ya timu ya mtaani kwetu, kila nikiihifadhi kama JPG, nyuma panakuwa peusi. Nitumie fomati gani moja kwa kazi zote bila kuharibu picha za watu?

JIBU

Marahaba, dada. Fomati moja ya kazi zote haipo, na atakayekuambia ipo anakuuzia programu. Ila shida zako zote tatu zina mzizi mmoja: kugeuza picha hakuongezi kitu kwenye picha. Kunaweza kuhifadhi kilichopo au kupunguza, basi. Kwa hiyo kazi yako ni kujua kila fomati inapunguza nini, kisha kuhakikisha unapunguza mara moja tu, kutoka kwenye faili la asili, kwa ajili ya kazi uliyonayo mkononi.

Nianze na hizo HEIC. Zile herufi za mwisho wa jina la faili ni lebo ya kuielekeza kompyuta ifungue kwa programu gani. Ukibadilisha lebo, kilichomo ndani hakijaguswa hata kidogo. Mfumo wa maombi ulioandikwa vizuri hauiamini lebo. Unasoma baiti za mwanzo za faili, na hapo ndipo wewe unapoumbuka. Jaribu mwenyewe. Chukua nakala ya faili moja, libofye kwa kitufe cha kulia, lifungue kwa Notepad. Utaona msitu wa alama zisizosomeka, lakini wewe tazama mstari wa kwanza tu. JPG ya kweli huanza na ÿØÿ, na mbele kidogo utasoma JFIF au Exif. PNG huanza na alama moja ya ajabu ikifuatwa na herufi PNG wazi kabisa. PDF huanza na %PDF. Ile uliyoipachika jina la .jpg kwa mkono utaikuta bado ina neno ftypheic. Funga bila kuhifadhi chochote. Mimi hufanya hivi kila mteja anaponiapia kwamba faili lake ni JPG, na huwa linamaliza ubishi haraka kuliko maelezo.

HEIC yenyewe si fomati mbaya. Msingi wake ni kiwango cha HEIF kilichotoka mwaka 2015, na Apple wakaanza kukitumia kwenye iPhone mwaka 2017 na iOS 11. Picha hubanwa kwa ufundi wa HEVC, ule ule wa video, ndiyo maana inachukua karibu nusu ya nafasi ambayo JPG ya ubora huo ingechukua. Tatizo ni kwamba nje ya simu za aina hiyo, mifumo mingi, hasa ya maofisini, haijazoea kuipokea.

Kama mteja bado amesimama mbele yako, mwelekeze aingie Settings, kisha Camera, kisha Formats, achague Most Compatible. Kuanzia hapo simu itapiga JPG. Zilizokwisha kupigwa hazibadiliki, mwambie hilo mapema asije akarudi kulalamika. Kwa hizo za nyuma, akiichomeka simu kwenye kompyuta kwa waya, kwenye mipangilio ya Photos kuna mahali panapohusu kuhamishia Mac au PC. Pakiwa Automatic, simu inazigeuza yenyewe wakati wa kuhamisha. Pakiwa Keep Originals, utapata HEIC zako kama zilivyo.

Mteja akishaondoka, tumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Ni ya bure hata kwa biashara na inafungua HEIC bila kukudai kitu, wakati Windows mara nyingi inataka viongezi viwili kutoka duka la Microsoft, cha HEIF na cha HEVC, na hicho cha pili huwa cha kulipia. IrfanView naipenda kwa wepesi wake, ila bure yake ni kwa matumizi yasiyo ya biashara, na wewe una duka. Kwenye GIMP fungua picha, nenda File, kisha Export As, andika jina linaloishia na .jpg, weka ubora kati ya 90 na 95. Hapo kuna upotevu kidogo, kwa sababu unatoka kwenye fomati inayotupa vitu kwenda nyingine inayotupa vitu, lakini kwa ubora huo jicho halitauona.

Jambo moja usilipite. Wakati wa kufungua, GIMP inaweza kukuuliza kama ibadilishe rangi kwenda sRGB, yaani wigo wa rangi wa kawaida wa skrini nyingi. Kubali. iPhone hupiga kwa wigo mpana wa rangi uitwao Display P3, na faili hubeba wasifu unaoeleza hivyo. Programu ikiutupa wasifu huo bila kuzibadilisha rangi zenyewe, picha inapooza, nyekundu inakuwa kama imefuliwa mara nyingi. Vigeuzi vingi vya haraka haraka vinafanya kosa hilo na mtu anailaumu kamera.

Ukiletewa picha mia za harusi, usizifungue moja moja. ImageMagick, ya bure pia, inazimaliza kwa mkupuo. Tengeneza folda iitwayo tayari ndani ya folda ya picha, ufungue dirisha la amri hapo, uandike:

magick mogrify -path tayari -format jpg -quality 92 *.heic

Utakuta JPG zote ndani ya tayari, na HEIC zimebaki mahali pake. Angalia sana: mogrify ikikosa -path na -format huandika juu ya mafaili ya asili, na hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo nakili folda kwanza, kila mara, hata kama una haraka ya kufunga duka.

Sasa kanga, na hapa nitakaa kidogo.

JPG ilitengenezwa kwa picha za kamera: nyuso, miti, bahari ya Raskazone jioni. Kiwango chake ni cha mwaka 1992, na werevu wake wote ni kutupa yale ambayo jicho la binadamu haliyajali sana. Kwanza hutenganisha mwanga na rangi, kwa sababu jicho letu ni kali kwenye mwanga na goigoi kwenye rangi. Kisha, kwenye picha nyingi za simu, rangi hupunguzwa: pikseli nne (pikseli ni kile kitone kimoja kimoja kinachounda picha), mbili kwa mbili, zinagawana rangi moja, ingawa kila moja inabaki na mwanga wake. Halafu picha hukatwa vipande vya pikseli nane kwa nane, na ndani ya kila kipande yale mabadiliko madogo ya ghafla hufifishwa au kufutwa. Kadiri unavyoshusha ubora, ndivyo yanavyofutwa mengi zaidi.

Iweke kanga mbele ya mtambo huo. Pindo lina mistari na vitone, mji una maua yenye kingo kali, na chini kuna jina kwa herufi kubwa, tuseme WEMA HAUOZI, nyekundu juu ya nyeusi. Kila kitu hapo ni ukingo, na ukingo ndio mabadiliko ya ghafla ambayo JPG inayafuta. Mbaya zaidi, nyekundu iliyokolea na nyeusi zinatofautiana sana kwa rangi lakini kidogo kwa mwanga, kwa hiyo umbo la herufi linategemea ile rangi ambayo pikseli nne zimegawana. Ikuze picha ya mama huyo hadi asilimia 400 uitazame miguu ya ile M. Wekundu umevuja nje ya herufi na kugeuka kahawia. Pembeni kuna chembechembe kama vumbi, na vumbi hilo linakoma ghafla kwenye mstari ulionyooka. Mstari huo ni mpaka wa kipande cha pikseli nane.

PNG haifanyi lolote kati ya hayo. Inabana kwa hesabu inayorudishika pikseli kwa pikseli, haitupi kitu. Ndiyo maana ulipoigeuza ile JPG kuwa PNG, ilihifadhi kwa uaminifu mkubwa ukungu, vumbi na wekundu uliovuja. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa tui, ukiyahamishia bakuli la kioo, ni machicha tu.

Na uzito umetoka wapi? Piga hesabu. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000, na kila pikseli huhitaji baiti tatu. Bila kubanwa hiyo ni MB 36. JPG huishusha hadi MB tatu au nne. PNG inabana vizuri pale rangi moja inapojirudia, kama karatasi nyeupe yenye maandishi, lakini kwenye picha ya kamera hata ukuta mweupe una chembe ndogo ndogo zisizofanana. Kwa hiyo PNG inabeba karibu kila kitu, na faili linavuka MB kumi kirahisi. Umelipa nafasi na bando, hukupata ubora.

Namna ya kuzifanya picha hizo vizuri ni hii. Mwombe mama mafaili ya asili, kwa waya, au akurushie WhatsApp kama dokumenti. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa na kubanwa upya njiani. Ukianzia hapo unaanza na kilichochoka. Kama anaweza kupiga upya, kanga itandikwe nje kivulini, siyo chini ya taa ya dukani, kwa sababu gizani simu huongeza chembechembe na JPG huzidi kuchanganyikiwa.

Kisha kwenye GIMP punguza ukubwa kwanza. Kwa kutumiana simuni, pikseli 1600 upande mrefu zinatosha kabisa. Unapohifadhi JPG, fungua mipangilio ya ziada, tafuta sehemu ya subsampling, chagua 4:4:4, yaani kila pikseli ipewe rangi yake, na ubora uwe 90. Hapa ndipo penye utamu. Faili la asili lilikuwa na pikseli 4000 za mwanga kwa upana, lakini 2000 tu za rangi. Ukilipunguza hadi 1600, hizo 2000 zinatosha tena kila pikseli kuwa na rangi yake. Ukihifadhi kwa 4:4:4, herufi inarudi kuwa nyekundu yenye ukingo. Ukiacha mpangilio wa kugawana wanne wanne, umezipunguza rangi mara ya pili bila sababu. Faili litaongezeka uzito kidogo, lakini ukilinganisha zile M mbili kwenye skrini utaona mwenyewe kama inalipa. Kwa kanga, inalipa.

Kuna imani nimeisikia sana kwenye maduka ya picha, kwamba JPG inachakaa kila ikifunguliwa. Haichakai. Kuifungua, kuinakili kwenye fleshi, kuituma kwa barua pepe, hakuigusi. Inachakaa pale unapoifungua, ukaikata au ukaiongeza mwanga, kisha ukaihifadhi tena kama JPG, kwa sababu kubana kunafanyika upya juu ya kilichokwisha kubanwa. Kama una kazi ya kuhariri ya siku mbili tatu, ihifadhi kwa fomati ya programu yenyewe, kwenye GIMP ni .xcf, na JPG itoke mwishoni mara moja.

Basi PNG ya nini? Ya vitu vyenye rangi chache na kingo kali tangu kuzaliwa: picha za skrini, risiti, michoro, ramani, maandishi, nembo. Picha ya skrini ya risiti ya malipo ikihifadhiwa JPG, tarakimu zinazungukwa na vumbi lile lile, na mteja akibishana na ofisi kuhusu namba ya kumbukumbu, 8 na 3 zinafanana. Iache PNG. Fomati hii ilizaliwa kwa ugomvi, kwa taarifa yako. GIF ya mwaka 1987 ilikuwa inatumia mbinu ya kubana yenye hataza, kampuni ya Unisys ikaanza kudai malipo, wataalamu wakakasirika wakaunda mbadala wa bure, ukatoka rasmi mwaka 1996. GIF yenyewe ina rangi 256 tu, usiitumie kwa picha ya mtu.

WebP utakutana nayo pia. Ni ya Google, ya mwaka 2010, na mteja akipakua picha mtandaoni mara nyingi ndiyo anayoipata. GIMP inaifungua. Igeuze kuwa JPG kama ni picha ya kamera, PNG kama ni mchoro, uendelee na kazi.

Nembo ya timu. JPG haina namna ya kueleza kwamba sehemu fulani ya picha ni tupu. PNG inayo: kila pikseli inaweza kubeba thamani ya nne inayosema inaonekana kwa kiasi gani. Ukiigeuza kuwa JPG thamani hiyo hutupwa, na programu inalazimika kujaza pale palipokuwa patupu. Nyingine hujaza nyeupe, yako inajaza nyeusi. Ukilazimika kuwa na JPG, kwenye GIMP weka kwanza rangi ya nyuma iwe nyeupe, nenda Image, kisha Flatten Image, halafu ndipo uhifadhi. Na kinyume chake hakifanyi kazi: nembo ya JPG yenye nyeupe nyuma ukiigeuza kuwa PNG, nyeupe inabaki. Itabidi uifute kwa mkono, na kwenye kingo utaachiwa ule utando mweupe mweupe unaokera ukiiweka juu ya jezi ya rangi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa nembo ni kuichora upya. Ndiyo, upya. Nembo nyingi za timu za mtaani ni mduara, mpira, nanga au jani la mkonge, na jina. Inkscape, programu ya kuchora, ni ya bure, na kijana mwenye mkono mzuri anaimaliza mchana mmoja. Kinachotoka ni SVG, ambayo haihifadhi pikseli bali maelezo ya mistari na maumbo: anzia hapa, pinda pale, jaza bluu. Inakuzwa kutoka kwenye kitambulisho hadi ukuta wa uwanja wa Mkwakwani bila ukingo kulegea. Kutoka kwenye SVG hiyo moja utatoa PNG ya WhatsApp, PDF ya mchapaji, na chochote kingine kitakachokuja. Ila jihadhari na tovuti zinazojidai kugeuza PNG kuwa SVG. Nyingi huchukua pikseli zile zile na kuzifungasha ndani ya faili lenye jina jipya. Ikuze mara kumi. Ukiona ngazi ngazi kwenye ukingo, hujapata kitu.

Bango la mama linaunganisha haya yote. Tuseme ni mita tatu kwa mita moja. Mita tatu ni kama inchi 118. Picha ya pikseli 4000 ukiitandaza upana wote huo, unapata pikseli 34 kwa kila inchi. Kwa kitabu ni aibu. Kwa bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, picha inavumilika. Maandishi hayavumiliki. Kwa hiyo jina la duka, namba ya simu na nembo viwekwe kama maumbo kwenye Inkscape, picha ya kanga iingizwe pale kutoka kwenye faili la asili, siyo ile ya 1600, na kazi nzima itoke kama PDF. Ukiihifadhi yote kama JPG moja, umezigeuza herufi safi kuwa pikseli 34 kwa inchi bila kulazimishwa na mtu. Kwa katalogi ya A4 wala usihangaike: A4 kwa pikseli 300 kwa inchi inataka 2480 kwa 3508, na simu ya megapikseli 12 inavuka hapo vizuri.

Mchapaji akikwambia picha yako ina dpi 72, yaani pikseli 72 kwa inchi, na anataka 300, usiende kubadilisha hiyo namba ukadhani umemaliza. Namba hiyo ni maelezo tu ndani ya faili kuhusu ukubwa wa kuchapwa. Pikseli 4000 kwa 3000 zenye 72 na zenye 300 ni zile zile. Muulize anataka pikseli ngapi, au mpe ukubwa wa bango mkahesabu pamoja.

Rangi za kuchapa ni kesi nyingine. Skrini inatoa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu, ndiyo RGB. Mashine inatumia wino wa samawati, magenta, njano na nyeusi, ndiyo CMYK, na kuna rangi za skrini ambazo hazina wino wake, hasa kijani kinachong'aa na bluu kali. Mtu akikushauri ugeuze picha kuwa CMYK kabla ya kupeleka, usifanye kama hujui wasifu wa mashine ile. Peleka RGB yenye wasifu wa sRGB, omba kipande kidogo cha majaribio, na nenda na kanga yenyewe mkononi mkalinganishe mchana nje ya duka.

Kwa mifumo ya maombi, wengi wanakosea mpangilio. Fomu ikisema JPG isizidi KB 200, mtu anachukua picha ya pikseli 4000 anashusha ubora hadi 15, na uso wa muombaji unakuwa mraba mraba. Punguza pikseli kwanza. Kata iwe pasipoti saizi, ishushe hadi pikseli 600 kwa 600 au vipimo vilivyotajwa kwenye fomu, kisha hifadhi kwa ubora wa 85. Mara nyingi utakuwa chini ya kikomo bila kuhangaika. Vyeti skani kwa dpi 200 au 300, rangi ya kijivu kama cheti hakihitaji rangi, utoe PDF. Usipige picha ya skrini ya PDF ili upate JPG. GIMP inaufungua ukurasa wa PDF na kukuuliza unataka pikseli ngapi kwa inchi.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo. Zile tovuti za kugeuza picha bure, usizipelekee cheti cha kuzaliwa cha mtu, kitambulisho cha NIDA wala picha ya pasipoti. Faili linakwenda kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na wewe ndiye uliyelituma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye stesheneri anashika taarifa za watu kila siku. Geuza kwenye kompyuta yako, mpe mteja, kisha futa. Desktop yenye vyeti vya watu wa mwaka juzi si ya kujivunia.

Picha pia hubeba maelezo ya Exif: saa, aina ya simu, na kama mteja aliruhusu, latitudo na longitudo ya mahali ilipopigwa. Mama wa kanga akipiga sebuleni kwake Chumbageni na wewe ukaisambaza picha ya asili ilivyo, umetangaza nyumba yake. Kwenye dirisha la kuhifadhi la GIMP ondoa alama kwenye Exif, ila uache ya wasifu wa rangi. Exif hiyo hiyo ndiyo yenye kueleza kama simu ilishikwa wima au kulala, kwa hiyo GIMP ikikuuliza wakati wa kufungua kama iizungushe picha, kubali, usije ukaondoa maelezo halafu mtu akalala ubavu.

Hukuuliza kuhusu picha za zamani, lakini una skana, na watakuja. Tanga hii kila nyumba ina babu aliyepigwa picha shamba la mkonge au stesheni ya reli. Picha ndogo za karatasi skani kwa dpi 600, hifadhi TIFF, ambayo kwa kawaida haitupi kitu, au PNG kama skana yako haina TIFF. Mpe mteja hiyo kwenye fleshi pamoja na JPG ya kutuma kwa ndugu. Mueleze ipi ni ya kutunza, na uandike kwenye jina la faili, maana akifika nyumbani atafuta ile kubwa ili apate nafasi.

Kwa folda, fanya mbili kwa kila kazi: asili na tayari. Hakuna kinachohaririwa ndani ya asili. Bango likikukwamisha, nitumie vipimo vya ubao na faili lenyewe kama dokumenti. Usinitumie picha ya skrini.